Kitenzi cha Kijerumani Kina Kiti Chake

Dada mmoja wa Mamboleo aliniandikia juzi. Ameanza A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, na tayari anataka kuacha, kwa sababu "maneno yanarukaruka". Dada yangu, usiache. Maneno hayo hayo yaliniliza.

Mwaka jana nilipanda basi la usiku kutoka Kisumu hadi Nairobi kufanya mtihani wa Kijerumani wa B1, ngazi ya tatu. Kusoma, kusikiliza na kuzungumza nilipita. Kuandika nilipata 48, na alama ya kupita ni 60. Ada nilikuwa nimekopeshwa na shangazi yangu anayeuza omena Kibuye. Niliporudi, mwalimu wetu aliniuliza alama zangu mbele ya darasa zima, kisha akasema, "Kuna watu lugha si yao." Mimi, niliyekua na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza kinywani! Hadi leo nikipita karibu na jengo lile roho huniuma.

Kosa langu lilikuwa kuwaza kwa Kiingereza. Nikitaka kusema "leo naenda sokoni", niliandika *Heute ich gehe zum Markt*. Katika sentensi ya kawaida, kitenzi cha Kijerumani hukaa nafasi ya pili, hakiondoki: *Heute gehe ich zum Markt*. Ukitanguliza "leo", ni *ich*, yaani "mimi", inayohamia nyuma ya kitenzi. Na nafasi si neno. *Nach der Arbeit gehe ich nach Hause*, baada ya kazi naenda nyumbani: maneno matatu ya kwanza ni nafasi moja. Ukileta *weil*, yaani "kwa sababu", kitenzi kinakwenda mwisho kabisa: *weil ich krank bin*, kwa sababu mimi ni mgonjwa.

Nilikata karatasi za unga vipande vipande, vitenzi nikaviandika kwa kalamu nyekundu, nikawa navipanga mezani kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Miezi miwili. Hakuna njia nyingine ninayoijua.

Kwa viwakilishi, Kiswahili chako ni mali. Tunatofautisha wewe na nyinyi, nao wana *du* na *ihr*. *Sie* yenye herufi kubwa ni ya heshima, kwa mgonjwa au mkubwa wa kazi. *Tisch*, yaani meza, ni *er*, "yeye" ya kiume, maana kiwakilishi hufuata jinsia ya nomino, kama kwetu kiti "kimevunjika" na mti "umevunjika". Ila chunga mahali pawili. "Yeye" yetu haichagui mume wala mke. Kwa muda mrefu kaka yangu nilimwita *sie* yenye herufi ndogo, "yeye" ya kike. Tena sisi husema ninakuona, ninakusaidia, kwa "ku" ile ile. Wao husema *ich sehe dich*, lakini *ich helfe dir*. Kwa hiyo kila kitenzi kijifunze pamoja na kiwakilishi chake.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024, naulizwa kuhusu viza karibu kila siku. Kuhusu kitenzi, haulizi mtu. Ndugu zangu, hiyo viza utaiombea kazi gani kama huwezi kuandika kwamba mgonjwa amekataa dawa? Kaeni chini msome!

Sehemu ya kuandika niliirudia peke yake, maana B1 inaruhusu hivyo. Nilipata 81. Shangazi ndiye wa kwanza niliyempigia simu.

Dada wa Mamboleo, usiku huu andika sentensi kumi zinazoanza na *heute*, unitumie. Nitazisoma zote.