Nimemaliza dozi mbili za brusela, mbona kipimo bado kinasoma chanya?

Maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Uyole hapa Mbeya, nauza mtindi na chapati. Mwezi wa pili nilianza homa za jioni zinakuja zinaondoka, mgongo unauma, magoti yanauma, nikaenda maabara moja ya mtaani malaria hamna, brusela na taifodi zote chanya. Nikapewa doksi na rifampisini wiki sita nikamaliza nikapona kabisa. Mwezi wa sita nikarudi kupima kuhakikisha tu wakasema brusela bado ipo, nikapewa dozi nyingine, nimemaliza nimepima tena bado chanya, karatasi imeandikwa 1:80, wanataka nianze ya tatu. Siumwi popote sasa hivi ila tumbo linawaka kwa dawa na mtaji umeisha. Huu ugonjwa hauponi au kipimo ndo kinadanganya?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Kwanza mi sio daktari, ni mtu wa maabara, miaka mingi nimekaa benchi hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, na swali lako limeniuma kwa sababu karatasi kama hiyo yako mimi mwenyewe nimewahi kuiandika kwa mkono wangu na kumkabidhi mtu dirishani, sio mara moja. Brusela ni ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo na maziwa mabichi, ila shida yako iko kwenye kipimo, kwahiyo ngoja nikwambie kinachofanyika huku ndani.

Damu yako ikifika tunaizungusha kwenye mashine mpaka yale maji ya njano yajitenge juu, hayo ndo tunayotaka. Tunadondosha tone moja kwenye kigae cheupe, tunaongeza tone la wadudu wa brusela waliokufa waliotiwa rangi, tunakoroga na kijiti alafu tunatikisa taratibu dakika chache macho yako pale pale. Kama una kingamwili za brusela zinawakamata wale wadudu zinawashikanisha, unaona vichembe vichembe vinaanzia pembeni kama maziwa yanavyokatika kwenye sufuria. Kama huna, tone linabaki laini. Sasa dada angalia vizuri hapo, mdudu wa kwako hatujamuona. Tulichoona ni askari wa mwili wako waliowahi kukutana naye, au waliokutana na mtu anayefanana naye.

Na hao askari hawavui magwanda siku dozi inapoisha. Mtu anapona kabisa na kingamwili zinaendelea kuonekana kwa miezi, wengine hata zaidi ya mwaka. Ndo maana kurudi kupima kwa kigae "kuhakikisha" wakati huumwi inaleta shida tupu, utasoma chanya na utapewa dawa. Anayejua kama umepona ni mwili wako: homa imeisha, jasho la usiku limeisha, mgongo umetulia, uzito umerudi. Wapo wanaorudiwa kweli, mara nyingi ndani ya miezi sita ya mwanzo, lakini hao wanarudiwa na ugonjwa, homa inarudi, sio karatasi. Wewe umesema huumwi popote. Basi hiyo dozi ya tatu usiianze, nenda na karatasi zako zote kwa daktari hospitali ya wilaya au ya rufaa, mweleze kama ulivyonieleza mimi.

Kuna jambo la pili, na hili ndo linaniudhi zaidi. Inawezekana hata lile jibu la kwanza halikuwa la kweli. Brusela na taifodi kusoma chanya siku moja kwa mtu mmoja nimeiona mno, na mara nyingi sio kwamba mtu ana magonjwa mawili, ni vile zile chupa za antijeni za homa, yaani wale wadudu waliokufa tunaowadondosha, zinashika vitu vingi. Ngozi ya nje ya brusela inafanana na ya wadudu wengine, yupo mmoja wa tumboni anaitwa yesinia anafanana naye sana, hata yule wa kipindupindu anaweza kuleta mchanganyiko, kwahiyo kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya mwingine zinaweza kuwashikanisha wadudu wetu kwenye kigae. Wenzetu Kenya walikifuatilia kipimo hiki cha chupa kwenye hospitali zao za magharibi, wakakuta wengi walioambiwa wana brusela walipopimwa kwa njia bora hawakuwa nayo.

Hesabu yake ni hii, ya mfano tu. Chukua wagonjwa wa homa 1,000, wenye brusela kweli ni 20. Kipimo kinakamata 90 katika kila wagonjwa 100, na kinakosea kwa 10 katika kila 100 wasio nayo. Utapata chanya 18 za kweli na chanya 98 za uongo! Yaani karatasi 116 zimeandikwa brusela na wenye haki nayo ni 18. Mtu wa Usangu anayeishi na ng'ombe, anakunywa maziwa mabichi na kushika ndama wanaozaliwa, kwake chanya ina uzito. Mtu wa mjini asiyegusa mnyama, maziwa yake ya pakiti, kipimo kile kile kikisoma chanya inabidi ujiulize mara mbili. Wewe unauza mtindi kwahiyo lazima daktari akuulize maziwa yake yalikuwa yanachemshwa au la.

Alafu hiyo 1:80. Maana yake maji ya damu yako yakizimuliwa mpaka sehemu moja ya 80 bado yanashikanisha. Kwenye kipimo cha mirija, yaani kuzimua hayo maji kwenye mirija badala ya tone la kigae, ambacho ndo cha kuaminika kwa namba hizi, wengi wanaanza kuhesabu kuanzia 1:160 na mgonjwa awe na dalili, na penye mifugo mingi wengine wanasubiri 1:320. Chini ya hapo bila dalili sio sababu ya kumeza doksi.

Cha kuuliza maabara ni kipimo gani wametumia. Rose Bengal ni bora kuliko zile chupa mbili za abortus na melitensis (brusela ya ng'ombe na ya mbuzi), sio ghali, kinafanyika kwenye kigae hicho hicho ila dawa yake ina tindikali inayopunguza ule ushikanaji wa ovyo. Kikisoma chanya kithibitishwe kwa mirija au elaiza (ELISA, kipimo kingine cha kingamwili). Njia nyingine ni kupima mara mbili kwa kupishana wiki mbili hivi, namba ikipanda mara nne, mfano 1:80 ikawa 1:320, hapo kweli kuna ugonjwa mpya.

Na tafadhali sana, homa ya muda mrefu na mgongo na jasho la usiku inaweza kuwa TB ya mgongo. Rifampisini ni dawa ya TB. Ukimpa mtu wa TB rifampisini na doksi wiki sita atapata nafuu kidogo ataonekana kapona, kumbe TB imejificha na inaweza kuanza kuzoea dawa. Pia rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na inagombana na baadhi ya ARV, kama unatumia kimojawapo mwambie daktari. Homa zinafanana jamani. Kule Moshi mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu waliambiwa malaria, waliokuwa nayo kweli 14. Brusela ilikuwepo, lakini homa ya mgunda (leptospirosis) iliizidi.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mafinga nafuga mbuzi. Nimepima brusela hasi mara mbili lakini homa haiishi na korodani moja imevimba. Niamini kipimo?

JIBU: Usikiamini peke yake kaka, na hospitali nenda kesho usingoje. Wiki ya kwanza ya kuumwa kingamwili bado chache, kipimo kinaweza kukosa. Kuna wakati pia zinakuwa nyingi mno mpaka ushikanaji hautokei, mtaalamu wa maabara anatakiwa azimue damu kisha arudie. Brusela ya mbuzi ndo kali kuliko zote kwa binadamu na kuvimba korodani ni dalili yake inayojulikana, ingawa yapo mengine yanayoleta hivyo. Waambie unafuga mbuzi kabla hawajakuuliza. Uliza kama wanaweza kuotesha damu, huko ndo mdudu mwenyewe anaonekana, inachukua siku hadi wiki kadhaa na hasi yake pia haimalizi ubishi. Damu ichukuliwe kabla hujaanza antibayotiki.

SWALI: Ng'ombe wetu katupa mimba, mke wangu kamsaidia kutoa kondo kwa mikono mitupu. Apimwe leo? Njombe.

JIBU: Leo kipimo hakitaonyesha kitu, kingamwili hazijatengenezwa. Anawe vizuri kwa sabuni, kondo na kitoto vifukiwe chini sana mbwa wasifukue, maziwa yachemshwe mpaka yatokote, mtindi utokane na yaliyochemshwa. Kama ni mjamzito aende kliniki wiki hii hii aseme kilichotokea. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue damu ya ng'ombe, maabara ya mifugo ya serikali ipo Iringa. Dalili kwa mtu huwa zinaanza ndani ya wiki moja hadi nne, wengine miezi. Andikeni tarehe ya leo nyuma ya kadi yake ya kliniki, homa ikija aende nayo amwonyeshe daktari kabla hajatolewa damu.