Swali: Kwenye karate mkono mmoja unarudi kiunoni kufanya nini wakati uso uko wazi?

SWALI: Shikamoo sensei. Mi ni mkanda wa kahawia, mtindo wa Shotokan, na jumamosi nasaidia kufundisha watoto hapa Mwanza. Juzi kaja kijana anacheza ngumi, akasimama mlangoni anatuangalia tunavyopiga oi-zuki, ile ngumi ya kusonga mbele, afu akaniuliza huo mkono mwingine mnaupeleka kiunoni kufanya nini, si mtapigwa za uso? Nikamwambia nguvu ndo inatoka hapo, mmoja ukienda mbele mwingine unarudi nyuma. Akacheka, akasema mbona sisi tunaweka kidevuni na watu wanalala. Sikuwa na jibu. Ukweli ni upi, na je niendelee kufundisha watoto hivyo hivyo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usione aibu, hilo jibu la nguvu hata mi nilipewa, na siku nilipomuuliza mwalimu wangu mara ya pili nikaambiwa nipige pushapu hamsini, swali likaishia hapo kwa miaka kama kumi hivi.

Huyo kijana yuko sahihi kuhusu nguvu. Nguvu ya ngumi inaanzia mguuni, inapita nyongani, inamalizikia begani, na bondia anazungusha nyonga vizuri tu huku mkono wake uko kidevuni. Kurudisha mkono kwa nguvu kunamsaidia anayeanza kujua nyonga inageukaje, basi, ni msaada wa kujifunzia. Kama ingekuwa ndo siri yenyewe mabondia wote wangeshahamia kwetu.

Sasa kazi yake ni nini? Huo mkono unaitwa hikite, maana yake mkono wa kuvuta, jina lenyewe linakwambia. Unavuta nini? Unamvuta mtu. Umeshika kifundo cha mkono wake, au nguo yake, unamleta kwako kwa nguvu mpaka anapoteza balansi, na wakati huo huo mkono mwingine unampiga, yaani anakutana na ngumi akiwa anaifuata mwenyewe. Na mkono wake mmoja ukiwa umefungwa kiunoni kwako, huo hawezi kukupigia tena. Mtaani kwetu tunajua kabisa hii kitu, angalia ugomvi wowote stendi, mtu anamkwida mwenzake ukosi wa shati kwa mkono wa kushoto, anamvuta, afu wa kulia unashuka. Hajasoma dojo popote lakini hiyo ni hikite.

Na hili sijalitunga mi. Funakoshi Gichin, ambaye Shotokan yako inatoka kwake, aliandika mwaka 1925 kwamba maana ya hikite ni kuushika mkono wa adui unaokuja, kuuvuta na kuusokota mpaka mwili wake ukuegemee. Sasa jiulize, kama mzee mwenyewe aliandika hivyo, ilipoteaje katikati?

Hapa lazima turudi Okinawa, kisiwa karate ilikotoka. Karate haikuanza na watu mia wamepanga mistari wanahesabiwa ichi ni san, yaani moja mbili tatu. Zamani mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili watatu, usiku, uani kwake, na kila muvu ya kata, yaani ule mfululizo wa miondoko uliopangwa, aliwaonyesha mkononi inavyofanya kazi, unashikwa unavutwa unaangushwa mpaka unaelewa. Okinawa ilikuwa ufalme wa Ryukyu, Wajapani wakaufuta mwaka 1879 wakaufanya mkoa wao, na baada ya hapo shule zikaja na mambo ya paredi na viungo vya kijeshi. Itosu Anko, mwalimu wa karate wa huko Okinawa, ndo akaiingiza karate shuleni, inahesabiwa mwaka 1901 kwenye shule ya msingi Shuri, na mwaka 1908 akaandika ile barua yake ya hoja kumi kuwashawishi wakubwa wa elimu, hoja mojawapo ikiwa vijana waliofunzwa karate watafaa jeshini, mpaka akamtaja Wellington, yule jenerali wa Uingereza aliyempiga Napoleon pale Waterloo. Mzee wa Okinawa anamnukuu mzungu ili karate ipate kipindi kwenye ratiba, mi huwa nacheka kila nikikumbuka.

Lakini fikiria wewe una watoto sitini uwanjani, utawafundisha kusokota viwiko na kukaba roba? Haiwezekani, watavunjana na wazazi watakuja na mapanga. Kwa hiyo Itosu akatengeneza zile kata tano za Pinan, ambazo nyie mnaziita Heian, watoto wakawa wanafanya kwa mstari, kila mmoja peke yake, hakuna wa kushika. Mkono ukabaki unavuta hewa. Kwenye hiyo hiyo barua Itosu anasisitiza mwanafunzi ajue kila muvu ni ya nini na inatumika wakati gani, ila darasa kubwa lina tabia yake bwana, umbo linabaki na maelezo yanadondoka njiani. Funakoshi, naye mwalimu wa shule, akaipeleka Tokyo mwaka 1922, akachukua nguo na mikanda ya judo kwa Kano Jigoro, muasisi wa judo, klabu za vyuo vikuu zikaikumbatia, wakaanza kupigana kwa mbali mtu anaingia anapiga anatoka, na ukipigana kwa mbali unamshika nani? Baadaye mashindano yakamalizia kazi, mtu anafunga pointi afu anarudisha mkono kiunoni haraka ili refa aone imeisha vizuri. Karate iliyoonekana kwenye Olimpiki ya Tokyo ni mtoto wa huo mstari, na siisemi vibaya, wale watu wana spidi ya ajabu, ila huwezi kuitumia kumuelezea mtu mkono wa kiunoni.

Kuna mzee mmoja hakukubali huo mtindo, Motobu Choki, wa Okinawa huko huko, mtu wa ugomvi kwelikweli, akiwa na miaka hamsini na kitu hivi alipanda ulingoni Kyoto na bondia wa kizungu akamlaza. Jarida likaandika habari mwaka 1925, lakini michoro ikamfanana Funakoshi badala yake, na hao wawili walikuwa hawapatani hata kidogo, hebu pata picha hasira zake. Huyu alikuwa anafundisha kitu kinaitwa meotode, mikono ya mke na mume, kwamba mikono yote miwili ikae mbele, itembee pamoja, mmoja ukishika mwingine unapiga, ukikosa huu yule yupo karibu unamalizia. Hakuna mkono unaokaa kiunoni unasubiri zamu.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: mkono uliokamata kitu unakwenda kiunoni, mkono mtupu unakwenda usoni. Kwenye kata mkono ukirudi kiunoni, elewa kuna mtu pale. Chukua gedan barai, ule mkono unaofagia chini, wengi wanafundisha ni kuzuia teke, mi sijawahi kuona mtu anazuia teke la kweli hivyo akabaki na mkono mzima. Iangalie upya: umeshikwa kifundo cha mkono, unauchomoa kwa kuuvuta kiunoni, na ule mwingine unaporomoka juu ya mkono wa aliyekushika. Age-uke nayo, ile kinga ya mkono unaopanda juu, vuta mkono wake chini kiunoni na ule unaopanda umpige chini ya taya kwa kigasha, utaona ghafla ina maana.

Kuhusu watoto, usiache kihon, yale mazoezi ya msingi. Kwenye mtihani wa mkanda wafanye kama silabasi inavyotaka, mtoto asifelishwe kwa sababu ya mjadala wetu. Ila kila jumamosi tenga dakika kumi za wawili wawili. Mmoja ananyoosha mkono, mwenzake anashika kwenye kifundo, anavuta taratibu mpaka kiunoni huku ngumi ya pili inafika kifuani bila kugusa. Wakizoea, anayevutwa aanze kubisha kidogo, hapo ndo watagundua kuvuta kwa mkono peke yake hakutoshi, lazima ukae chini na ugeuze nyonga. Kusokota kiwiko waache mpaka wakue, viungo vya mtoto bado laini. Ukipata mtu wa Goju, mtindo mwingine wa karate, karibu mwombe akuonyeshe kakie, lile zoezi la kusukumana mikono iliyogusana, hao kushikana hawakukuacha sana. Na usiwadanganye watoto kwamba hii inafanya kazi kwa mwenye kisu. Kwa mwenye kisu ni mbio, na akitaka simu apewe.

Sasa huyo kijana wa ngumi, akirudi mpokee vizuri, ana macho. Mwambie avue glovu kwanza. Mkono wake unakaa kidevuni kwa sababu sheria yake inamruhusu kupiga tu. Sheria za ndondi za Queensberry za mwaka 1867 ndo zilileta glovu na kukataza mieleka ulingoni, kabla ya hapo mabondia wa Uingereza walikuwa wanapigana mikono mitupu, wanashikana na kuangushana chini. Mwache mikono mitupu akurushie jab, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, lakini usijaribu kuidaka ikiwa njiani kama kwenye sinema, hiyo haidakiki. Ipokee kwa mikono miwili, funika, sogea karibu, na mkono wake ukishagusana na wako ndo ushike uvute. Mara tatu za kwanza atakupiga ya pua, nakwambia mapema.