Diski ya nje isiposoma, anza na waya

Jumamosi moja dada yangu alinijia na diski ya nje yenye picha zote za marehemu mama. Machozi yalikuwa karibu. "Kaka, fundi kasema poti za laptopu, yale matundu ya kuchomekea, zimekufa, nibadilishe ubao mkuu wa ndani mzima."

Nikamwambia aichomeke vilevile anavyoichomeka kwake. Akaiweka kwenye kigawanyio cha USB, pamoja na maus, flashi na simu inayochaji. Nikaitegea sikio. Tik... kimya... tik... Diski inataka kuzunguka, inakosa nguvu, inalala tena. Poti ya USB 2.0 kwa kawaida hutoa umeme wa miliampea 500, ya USB 3.0 hutoa 900, na kigawanyio kisicho na umeme wake hugawa hizohizo kwa kila kilichochomekwa. Nikaichomoa, nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, poti ya bluu, yaani ile ya USB 3.0, kwa waya wake mfupi iliyokuja nao. Taa ikatulia, diski ikaanza kuvuma taratibu. Picha zote zilikuwemo, na poti zilikuwa nzima.

Ndiyo maana nasisitiza: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Waya kwanza, kisha poti, kisha kompyuta ya jirani. Nyaya zinapoteza watu wengi. Kuna za bei chee ambazo ni za kuchajia tu, zina nyuzi mbili za umeme ila hazina zile mbili za kupitisha data, kwa hiyo simu inachaji vizuri lakini laptopu haiioni kabisa.

Ukisikia mlio wa kuchomeka lakini diski haionekani, bofya kulia kitufe cha Start ufungue Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha diski zote. Huenda imekosa herufi yake tu, kama D au E, ipe. Lakini Windows ikikwambia diski ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya, ndipo itumike, na ndani kuna vitu vyako, bonyeza Cancel. Nakuomba sana. Na kama ile tik tik inaendelea hata kwa waya mzima na poti nzuri, ichomoe uiache, maana kila ukiiwasha unaweza kuongeza madhara. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuokoa data.

Poti zote zikigoma kwa pamoja, zima laptopu, chomoa chaja na kila kitu, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Mimi imenisaidia zaidi ya mara moja. Vumbi la ndani ya poti litoe kwa kijiti cha meno cha mti, laptopu ikiwa imezimwa, pini usiiguse.

Dada hakuondoka siku ile mpaka tuliponakili kila kitu kwenye diski ya pili. Wakati inanakili alifungua picha moja, mama kashika ungo mlangoni, akaitazama mpaka chai ikapoa.