Ndoo ya mafuta inayotoka getini ndani ya mashudu

Kiwanda cha alizeti kinaweza kuwa na watu hodari katika kila idara na bado kikala hasara. Nimesimamia uzalishaji kwenye viwanda vya kukamua huku Singida kwa misimu kadhaa, na hali hiyo nimeikuta zaidi ya mara moja: hakuna mvivu, hakuna mwizi, lakini hesabu za mwisho wa msimu hazisomeki. Ukichimba unagundua kwamba kila idara ilifikia lengo lake. Malengo yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanapigana.

Idara ya ununuzi inapimwa kwa bei ya kilo. Mavuno yanapoanza kuingia, mbegu ambayo haijakauka sawasawa hupatikana kwa bei nafuu, basi wananunua hiyo na wanapongezwa. Ikifika ghalani inapata joto na kuvunda, ikifika kwenye mashine haikamuki vizuri. Uzalishaji nao wanapimwa kwa tani zilizopita kila zamu. Msimamizi wa zamu anayetaka tani anajua la kufanya: analegeza koni inayobana mlango wa mashine, mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, yanatoka manene na ya haraka, tani zinapanda, mafuta yanabaki humo humo. Fundi mitambo kaambiwa apunguze gharama za vipuri, kwa hiyo skrubu ya kukamulia iliyolika anaichomelea kwa mara ya tatu badala ya kuagiza mpya. Mauzo wao wameshaahidi oda ambayo hakuna aliyewaambia kama inawezekana.

Mkurugenzi akiona hivyo huita mkutano. Anazungumzia umoja, watu wanapiga makofi, soda zinanywewa, kesho yake koni iko pale pale. Kuna kiwanda nilichokuta kimebandika ukutani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, kwa herufi kubwa, sakafu inang'aa, na mashudu ukiyaminya yanakuacha na mkono wenye mafuta. Sina ugomvi na usafi. Ila bango halibadilishi kile anachoulizwa mtu mwisho wa zamu, na mtu hufanyia kazi kile atakachoulizwa.

Kilichosaidia nilikoona kikisaidia ni kutafuta namba moja ambayo kila idara ina mkono ndani yake. Kwa kinu cha alizeti namba hiyo ni lita za mafuta kwa kila tani ya mbegu. Mnunuzi anaigusa kwa ubora wa mbegu, mtunza ghala kwa jinsi anavyoihifadhi, fundi kwa hali ya skrubu, mwendesha mashine kwa koni.

Halafu itafsiriwe kwa kitu kinachobebeka. Asilimia hazimwamshi mtu saa tisa usiku. Tani moja ya mbegu inaacha mashudu yapata kilo 650. Yakitoka yamebeba mafuta asilimia 10 badala ya 7, hiyo tofauti ya asilimia 3 ni karibu kilo 20 za mafuta, yaani kama lita 21. Ndoo moja ya lita 20, na ziada kidogo, inatoka getini kwa kila tani, juu ya lori la mfugaji, kwa bei ya chakula cha kuku. Nilipoieleza hivyo mbele ya mashine, nikiwa na ndoo tupu mkononi, mwendesha mashine mmoja alianza kuhesabu kwa sauti ndoo za usiku mmoja. Sikuhitaji kuongeza neno.

Sehemu ngumu ilikuja baadaye, na aliyeileta ni fundi. Aliuliza: nikisimamisha mashine nusu zamu nibadilishe skrubu, tani zilizopungua anaandikiwa nani? Swali hilo kila kiwanda kinalo, hata pale lisipotamkwa. Jibu linapaswa kutoka kwa mwenye mamlaka, mbele ya wote, na liheshimiwe siku ya kwanza litakapouma. Toyota walipoingia ubia na General Motors huko Fremont, California, mwaka 1984, walichukua kiwanda kilichofungwa mwaka 1982, chenye sifa mbaya ya utoro na magari mabovu, na wengi wa wafanyakazi waliowaajiri walikuwa wale wale wa zamani. Wakawapa kamba ya kuvuta ili kuomba msaada na hata kusimamisha mkondo wa kazi wanapoona kasoro. Ubora ulipanda na utoro ukashuka. Kamba ni kitu rahisi; kazi iko kwa msimamizi anayekuja mbio kusaidia badala ya kugomba.

Kuhusu fedha, wenye viwanda wengi huogopa kuwaonyesha wafanyakazi hesabu, wakisema wataomba nyongeza. Wataomba, ndiyo. Lakini huhitaji kuanika faida. Waonyeshe bei ya tani ya mbegu leo, bei ya lita ya mafuta, bei ya kilo ya mashudu na bili ya umeme. Hayo manne yakiandikwa ubaoni kila Jumatatu, mtu wa zamu anaelewa mwenyewe kwa nini mbegu mbichi si nafuu.

Motisha ya kila idara peke yake nisingeirudisha. Iwe moja, inayotokana na lita kwa tani, na igawiwe hadi kwa vibarua wa kupakua. Hawa husahauliwa, na kwa kuwa wanalipwa kwa gunia, wanayatupa. Magunia yanapasuka, mbegu inachanganyika na mchanga, na mchanga ndio unaokula skrubu. Wanaotegea watakuwepo, lakini kwenye kinu chenye watu wasiozidi hamsini wenzao huwajua kabla yako.

Ila chunga: namba yoyote hudanganywa. Lita kwa tani hupanda pia mbegu ikipimwa pungufu mzanini, kwa hiyo anayepima mbegu asiwe anayepima mafuta, na sampuli ya mashudu iende maabara mara kwa mara badala ya kutegemea kiganja.

Kama unataka kuanza, anza mwezi wa tatu au wa nne, mashine zikiwa zimefunguliwa kwa matengenezo na watu wana nafasi ya kubishana. Mbegu zikishaanza kushushwa getini, hakuna atakayekusikiliza.