Dereva wa mbio anatoka akitembea, abiria wa Kasumbalesa hatoki

Msomaji mmoja wa Bukavu ameniandikia hivi: "Yaya, juzi nimeona gari la mbio linapinduka mara tatu, dereva anatoka anapungia watu mkono. Hapa kwetu taksi inagonga mti kwa mwendo wa kawaida tu, tunapanga matanga. Wale wenzetu wana dawa gani?"

Mdogo wangu, hakuna dawa. Kuna mkanda, kuna povu, na kuna mtu aliyekaa chini baada ya kila ajali akauliza: nini kiligusa nini? Sisi tunaokesha mbele ya kioo, jioni tamthilia, Jumamosi mpira, Jumapili magari, tumeona ajali nyingi kuliko hata polisi wa barabarani, na nyingi kati ya hizo zimetufundisha uongo.

Chukua mbili za kweli. Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho wa mbio za magari za Daytona 500 huko Marekani, gari la dereva Dale Earnhardt lilijigonga ukutani. Kwenye televisheni halikuwaka wala halikusambaratika. Earnhardt alikufa. Tarehe 29 Novemba 2020, katika mbio za Formula 1 huko Bahrain, gari la dereva Romain Grosjean lilichana kizuizi cha chuma kwa mwendo wa kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kugeuka mpira wa moto. Mshtuko ulipimwa: mara 67 ya uzito wa mwili wake. Baada ya sekunde 27 alijitoa mwenyewe, mikono imeungua, akili timamu. Kwa hiyo ukiona ajali yenye moshi na vyuma vinavyoruka, usilie bado. Vyuma vinavyoruka vinaondoka na sehemu ya nguvu ambayo ingemfikia dereva. Ya kuogopwa ni ile ya gari zima linalosimama ukutani papo hapo.

Earnhardt alikuwa amefungwa mkanda. Kiwiliwili kikabaki kitini, kichwa pamoja na uzito wa kofia kikaendelea mbele, kitako cha fuvu kikavunjika. Mwaka uliotangulia NASCAR, shirika la mbio hizo za Marekani, ilikuwa imewazika madereva Adam Petty, Kenny Irwin na Tony Roper. Na kinga ilikuwepo tangu miaka ya 1980! HANS, kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda na kushikwa na kofia kwa kamba mbili fupi, ilibuniwa na profesa Robert Hubbard pamoja na shemeji yake Jim Downing, ambaye alikuwa dereva wa mbio. Madereva waliikataa kwa sababu inabana. NASCAR iliilazimisha Oktoba 2001, Formula 1 mwaka 2003, na leo hakuna anayelalamika. Halo nayo, lile tao la titani la kilo 7 hivi juu ya kichwa cha dereva, ilipoletwa mwaka 2018 mashabiki tulilalamika kwamba inaharibu sura ya gari. Grosjean mwenyewe hakuipenda. Akiwa kitandani hospitalini alisema bila hiyo asingekuwa anaongea.

Sasa tuje nyumbani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka mita 10, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 100 usizidishe kwa mbili, zidisha kwa nne: mita 40. Boneti ikikunjika sentimita 65 na wewe umefungwa kitini, unasimama pamoja na gari, na mwili unabeba mara 15 hivi ya uzito wake. Utaumia, utapona. Usipofungwa, gari linasimama, wewe unaendelea na mwendo uleule mpaka ukutane na dashibodi, na dashibodi inakupa sentimita 5 za kusimamia. Hapo ni karibu mara 200. Tofauti yote kati ya Grosjean na abiria wa mbele wa taksi iko katika hizo sentimita.

Mama anayempakata mtoto wa kilo 10 kwenye kiti cha mbele, kwa hesabu hiyohiyo, atatakiwa kushika kilo 150 kwa mikono miwili. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata akimpenda vipi. Na kumfunga mtoto pamoja naye ndani ya mkanda mmoja ni vibaya zaidi, maana mwili wa mama ndio utakaomponda. Kama hakuna kiti cha mtoto, mtoto akae nyuma. Abiria wa nyuma asiyefungwa, mwenye kilo 70, anasukuma kiti cha mbele kwa uzito wa zaidi ya tani moja. Ukikaa mbele na mkanda wako, muulize na aliye nyuma yako.

Mkanda wenyewe una namna ya kuvaliwa. Kipande cha chini kinapita juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, kwa sababu tumboni kinapasua wengu na matumbo. Kipande cha juu kinakaa katikati ya bega, kisipite kwapani. Usilaze kiti kama kitanda cha saluni: ukilala, mwili unateleza chini ya mkanda. Uvute ghafla uone kama mkanda unajikaza wenyewe. Mkanda usiposhika, huo ni pambo. Mkanda uliowahi kuvutwa na ajali nzito nyuzi zake zimekwisha kunyooka, unabadilishwa. Katika taksi nyingi za Lubumbashi mkanda upo, lakini kichwa cha kufungia kimezikwa chini ya kava la kiti. Ingiza mkono uchimbe. Dereva atakuuliza kama humwamini. Mjibu humwamini yule anayekuja mbele.

Kuhusu mfuko wa hewa, watu wanaona alama ya SRS kwenye usukani wanatulia. Ule mfuko umepimwa kwa mtu aliyefungwa mkanda na aliyekaa angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Isitoshe, magari mengi yaliyotumika Japani yaliwekewa vifaa vya Takata, ambavyo unga wake wa kulipuka unaharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kisha siku ya ajali unarusha vipande vya chuma usoni. Mamilioni yameitwa yabadilishwe. Ukinunua gari la okazioni, yaani lililokwisha kutumika, andika namba ya shasi kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, utaambiwa kama lilishashughulikiwa. Na ukiona taa ya SRS haiwaki kabisa unapofungua swichi, kuna mtu ameichomoa ili usijue.

Kuna jambo la nchi yetu ya Kongo ambalo hutalikuta katika mbio za Ulaya. Tunaendesha kulia, lakini magari mengi yana usukani kulia. Dereva anayefuata lori la shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja. Dawa yake ni kubaki nyuma, mita 40 au zaidi, kwa sababu ukiwa mbali na lori macho yanapita pembeni yake. Ukiligandama unaona bati tu. Abiria wa mbele kushoto ndiye anayeona. Basi asisinzie, na neno lake liwe "ngoja" tu, lisiwe "pita", kwa maana hajui nguvu ya injini. Hiace za namna hiyo zina mlango upande wa kushoto, yaani unashukia katikati ya barabara. Mlango ukifunguka, usitoe mguu kabla ya kuchungulia nyuma, na mtoto ashuke wa mwisho, akishikwa na mtu aliyeko chini tayari.

Mapine: soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa pine. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine la miaka kumi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka likipata joto, hasa likiwa na upepo mdogo.

Pikipiki zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo hakuna boneti. Boneti yako ni kofia. Ndani ya gamba kuna povu gumu jeupe, sentimita 3 hivi, na kazi ya povu hilo ni kupondeka mara moja ili ubongo upate nafasi ya kusimama polepole. Likishapondeka halirudi. Kofia iliyogonga lami kichwa kikiwa ndani imekwisha kazi hata kama rangi inang'aa. Manseba wengi, yaani madereva wa pikipiki za abiria wa Lubumbashi, na wenzao wa Kolwezi wanavaa kofia ya mgodini. Ile imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Ubavuni haina kitu, na ikigongwa mara ya kwanza inaruka. Inamkinga dereva dhidi ya polisi, basi.

Ukiwa sokoni, angalia lebo kwenye kamba ya kidevuni: herufi E ndani ya duara, kisha namba inayoanza na 05 au 06. Herufi P baada yake ina maana kidevu kinalindwa, J ni kofia iliyo wazi usoni, NP ni kidevu cha mapambo. Lebo zinaghushiwa, kwa hiyo ingiza kidole ndani ya kitambaa ubonyeze. Ukikuta sponji laini badala ya povu gumu, rudisha. Ivae, ifunge, kisha mwenzako ashike ukingo wa nyuma aivute mbele kwa nguvu. Ikitoka, barabarani pia itatoka. Kati ya kamba na koo pasipite zaidi ya vidole viwili. Wadada wenye misuko ya juu mnajua tatizo lenu: kofia inakaa juu ya nywele badala ya kichwa. Misuko ya kulala ndiyo inayokubaliana na pikipiki. Na yule anayekataa kofia ya abiria kwa sababu ya jasho la watu, atembee na kitambaa chembamba cha pamba avae ndani. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha kofia inapunguza vifo vya wanaoanguka na pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa 69. Hizo ni kofia zilizofungwa.

Nikija kwenye tamthilia, ninazipenda, wala sitaziacha. Lakini pale mwandishi anapochoka na mhusika anamtia ndani ya gari, gari linaruka kona, linalipuka, mpenzi anakuja mbio anamvuta, anamtikisa, anampa maji, na baada ya vipindi kumi anafumbua macho hamjui mama yake. Karibu kila tendo hapo linaua. Gari la petroli mara chache linalipuka. Zima swichi, kataza sigara, halafu una muda. Usimvute aliyebanwa isipokuwa kuna moto, maji, au hapumui. Mtu mmoja apige magoti nyuma yake ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, wala asikiachie. Usimpe maji, huenda atapasuliwa, na aliyezimia maji yanaingia mapafuni. Akiwa amezimia lakini anapumua na anatapika, mgeuze ubavuni, kichwa na mgongo kwa pamoja. Kofia ya pikipiki usiivue kama anapumua vizuri. Ikibidi, mmoja ashike shingo na taya, mwingine apanue pande mbili na kuivuta taratibu. Kabla ya hayo yote, mtu aende mita 100 nyuma na matawi ya kuonya magari. Na matawi yaondolewe mkimaliza, jamani.

Kwenye barabara zetu za madini kuna hatari nyingine: lori la tindikali. Februari 2019 huko Lualaba lori kama hilo liligongana na basi, na tindikali ikaua watu. Ukiona tangi limelala, usikimbilie kusaidia kutoka upande ambako upepo unaelekea. Zunguka uje na upepo mgongoni, usikanyage kimiminika. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo na kumwagiwa maji mengi, dakika 20 au zaidi, hata kama analia kwamba inatosha.

Katika Formula 1 gari la daktari linafuata magari katika mzunguko wa kwanza wa mbio. Profesa Sid Watkins, daktari wa Formula 1, alilidai baada ya dereva Ronnie Peterson kuumia Monza mwaka 1978, ambako msaada ulichelewa, na ndilo lililofika kwa Grosjean huku bado yumo motoni. Sisi hatuna gari hilo. Tunao watu wa kando ya barabara, kwa hiyo wanaotakiwa kujua kushika shingo ni muuza mkaa na manseba.

Mpira umechelewa kujifunza. Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni, alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, hakuna aliyemgusa, akafa. Christian Eriksen wa Denmark alianguka vilevile Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akabonyezwa kifua papo hapo, moyo ukashtuliwa kwa mashine, na leo amerudi kucheza. Anayeanguka peke yake bila kugongwa, asiyeitika na asiyepumua sawasawa, usipoteze muda kutafuta ulimi wake kwa vidole. Bonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkibadilishana kila dakika mbili, maana mikono inachoka kabla hujajua.

Na wale vijana wanaogongana vichwa kwenye viwanja vya Katuba na Kenya, komini za Lubumbashi, kisha kocha anawamwagia maji na kuwarudisha ndani: anayeuliza tena na tena matokeo ni ngapi, anayeyumba, anayeona mara mbili, atoke na asirudi siku hiyo. Usiku alale na mtu karibu. Akitapika mara kwa mara, akiwa mzito kuamshwa, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali usiku huohuo, msingoje asubuhi. Kama hana dalili hizo, apumzike siku moja au mbili, aanze kutembea, kisha kukimbia peke yake. Mpira wa kichwa uje mwisho kabisa, akiwa amemaliza siku kadhaa bila kichwa kuuma na bila kutumia dawa ya maumivu.