AIMS yasema yuko nyuma, HINE yasema yuko sawa: mtoto ni mmoja

Dadangu wa Malindi, umeeleza kwamba mwanao alizaliwa na wiki 30 za mimba na sasa ana miezi 5. Kliniki ya kwanza ilimpima kwa AIMS, kipimo cha mikao na mijongeo ya mtoto, akapata alama 9, ukaambiwa yuko nyuma sana. Ya pili ikatumia HINE, kipimo cha mishipa ya fahamu, akapata 62, ukaambiwa hana neno. Unauliza nani wa kuaminiwa.

Anza na umri, hapo ndipo hesabu za watoto njiti huharibika. Miezi 5 ni kama wiki 22. Toa wiki 10 alizowahi kuja (30 badala ya 40), zinabaki 12. Huo ndio umri uliorekebishwa, wa kumpimia, na utaendelea kuzitoa hizo wiki 10 mpaka atimize miaka 2. Sasa itazame ile 9. AIMS ilisanifiwa kwa watoto wa Kanada, na wastani wa wale wa miezi 2 hadi 3 unakaribia 10; wa miezi 5 hadi 6 unapita 23. Nukta ya 9 ikitiwa kwenye miezi 5 ya grafu yake, mtoto ameachwa mbali. Ikitiwa kwenye wiki 12, yuko na wenzake. Rudi na kile kijitabu cha kliniki, uliza waliitia wapi.

Hata ikitiwa pazuri, mimi singeitegemea AIMS mapema hivi. Ina mikao 58: kifudifudi 21, chali 9, kukaa 12, kusimama 16. Mtoto wa wiki 12 hajaifikia mingi, kwa hiyo akilia tu alipolazwa kifudifudi, alama mbili tatu zimepotea na mstari umeshuka. Tena njiti wengi huenda chini kidogo ya grafu hiyo na baadaye wakatembea vizuri. Inafaa zaidi kuanzia miezi 4 iliyorekebishwa.

HINE huuliza jambo jingine: mishipa ya fahamu inafanya kazi? Ina vipengele 26, jumla 78, na hukagua macho na uso, mkao, mijongeo, ukakamavu wa misuli na miitiko ya mwili isiyo ya hiari. Kwa miezi 3 mpaka wa hatari ni chini ya 57, ndiyo maana 62 iliwaridhisha. Lakini kuanzia miezi 6 mpaka hupanda hadi 73, kwa hiyo 62 ya leo haimlindi kesho. Irudiwe. Na uliza kama upande wa kulia na wa kushoto ulitofautiana, kwa sababu hilo huhesabiwa kando.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyekutajia kipimo cha Prechtl, cha kutazama kwa video jinsi mtoto anavyojongea mwenyewe, na wakati wake ndio huu. Kati ya wiki 9 na 20 zilizorekebishwa, hasa 12 hadi 16, mtoto mzima huwa na vijimijongeo vidogo vidogo vya shingo, kiwiliwili, viganja na vifundo, vikizunguka kila upande. Visipokuwepo kabisa, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa. Anayesoma video lazima awe amefunzwa, ila kuirekodi unaweza wewe. Mlaze chali juu ya shuka nyeupe. Leso yenye maua hufanya vidole visionekane. Mvue, abaki na nepi, miguu wazi. Simu iwe juu yake, mwili mzima uonekane, dakika 3 hadi 5. Awe macho na ametulia. Usimwimbie, usimpe chuchu ya bandia wala cha kuchezea, kwa sababu akikodolea kitu vile vijimijongeo hupotea. Akiwa na kwikwi au akianza kulia, zima, rekodi tena baadaye.

TIMP, kipimo cha mijongeo ya watoto wachanga, nayo bado inamfaa, hadi wiki 17 zilizorekebishwa tu, na huchukua kama nusu saa. Njiti huchoka kabla haijaisha.

Akifika miezi 6 iliyorekebishwa, ulizia kipimo kilichotungwa papa hapa Kilifi, cha miezi 6 hadi 35, kwani kilijaribiwa kwa watoto wa pwani yetu. Lakini ukiona anakunja ngumi mchana kutwa, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, usingoje tarehe ya kliniki.