Shingo kuuma upande mmoja

Pole sana, kaka. Kwa kuwa umeeleza kwamba upande wa kushoto wa shingo ulikaza asubuhi, baada ya kushinda huko Uyole, Mbeya, ukipakia magunia ya viazi begani, inaelekea zaidi kuwa msuli umevutika, hali ambayo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Kanda kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto na kukamuliwa vizuri, tumia parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uendelee kugeuza shingo polepole kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa sababu kuiacha bila kuitikisa huizidishia ugumu. Ninakusihi usikubali mtu aizungushe ghafla mpaka ilie, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi wakimaliza kunyoa, kwani jambo hilo linaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo. Maumivu yakishuka mkononi pamoja na ganzi, huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa, na hapo daktari akuone. Lakini ukipata homa pamoja na kichwa kuuma sana, mkono kulegea au maumivu ya kifua, nenda hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku.